Yule wa Bafuni

Jambo la kwanza nililoambiwa kuhusu mtoto wa nyumba ile ni kwamba halii. Nilikuwa hata sijavua koti. Bibi yake alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye kitanda kidogo pale sebuleni, akasema kwa majivuno kabisa: "Uyu wetu halie, maman. Ata kidogo. Ni mutoto mutulivu." Ilikuwa alasiri ya Novemba huko Schaerbeek, Brussels, tramu inapita chini hadi vioo vinatetemeka, na kitoto kile cha miezi michache kimelala chali, mdomo wazi, hakina habari. Mimi nimelea watoto. Mtoto mwenye adabu kiasi hicho ananinyima amani.

Ngoja niseme kwanza nilifuata nini pale. Kazi yangu miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa kuwaelimisha watu juu ya afya zao. Mama yangu mzazi, aliyebaki Bukavu, Kongo, hajawahi kuielewa kazi hiyo. Anawaambia majirani kwamba mimi ni muuguzi asiyechoma sindano. Nimechoka kumsahihisha. Tulifundishwa kwamba kazi ina hatua zake: unauliza, unapanga, unasema, halafu unarudi kuona kama kuna kilichobadilika. Wengi wetu tunapenda ile hatua ya kusema tu. Unasimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa kanisa na picha zako za moyo na figo, kina mama wanatikisa vichwa, unapigiwa makofi, unafungiwa maandazi ya beignets kwenye karatasi, unapanda tramu kurudi kwako Etterbeek ukijiona umeokoa taifa. Wiki inayofuata chumvi ni ile ile.

Kwenye ukumbi wa namna hiyo ndipo binti wa nyumba ile, mama wa mtoto yule, aliponifuata. Nilikuwa nimezungumzia presha. Akasubiri wenzake watoke, akaniambia kichwa kinamuuma kila Jumapili na kila siku asiyokwenda kazini. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee katika nyumba ya wazee, kazi ya kuinua na kugeuza watu wazima mchana kutwa, na alisema akifika huko kichwa kinapoa. Hapo nikatega sikio. Kichwa kinachouma nyumbani na kupona kazini si cha uchovu. Nikamuuliza nyumba yao inapata maji moto kwa njia gani. Akanishangaa kidogo, akasema kuna chauffe-eau ya gesi bafuni, ya zamani. Halafu akatazama nyuma, akashusha sauti: "Na maman anaanza kumuona papa."

Papa huyo, nilikuja kuambiwa, alichukuliwa na watu wenye silaha karibu na Uvira wakati wa vita, asubuhi, akiwa amevaa sandals za nyumbani. Hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili.

Basi nikaenda. Ile nyumba ilikuwa safi, lakini ilikuwa imefungwa pote. Madirisha yamebandikwa mkanda mpana kwenye kingo zote, chini ya mlango wa nje pamelazwa taulo. Watu wetu wanaichukia baridi ya Brussels na siwalaumu. Nikamwomba bibi wa mtoto anionyeshe bafu. Ile chauffe-eau ilining'inia juu ya beseni la kuogea, na kwenye kidirisha chake moto ulikuwa wa manjano, unacheza cheza. Moto wa gesi ukiwa salama ni wa buluu. Juu ya mlango palikuwa na tundu la hewa, na ndani ya tundu mtu alikuwa ameshindilia kitenge, rangi ya chungwa, kimekunjwa vizuri hasa.

"Iyo kitenge ni ya nini, maman?"

"Baridi," akasema.

Nikaanza kusema. Si ndiyo hatua ninayoipenda? Nikamweleza kwamba gesi isipopata hewa ya kutosha inatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, inayompumbaza mtu, inampa kichwa, inamlaza, na inaweza kumlaza moja kwa moja, na mtoto ndiye anayewahi kuzidiwa. Nilieleza vizuri, nasema kweli, kwa Kiswahili cha kwetu, pole pole, nikimwonyesha kwa mikono jinsi hewa inavyoingia na moshi unavyotoka. Na katikati ya maelezo yangu nikasikia mtu anakuja nyuma yangu kwenye kile kikorido chembamba. Nikasogea ukutani kumpisha. Nikaendelea kuongea. Kisha nikageuka, na hakukuwa na mtu.

Yule mama aliniona nilivyosogea. Akatabasamu kidogo, kwa upole. Nilijiambia kwamba ndiyo hiyo hiyo sumu ninayoisema, imeanza na mimi, na kwamba nipeleke miguu yangu nje.

"Ndiyo, maman. Ndiyo kabisa," akasema alipokuwa ananisindikiza. Nimeisikia "ndiyo kabisa" hiyo maisha yangu yote, hata kinywani mwangu. Ni heshima tu. Mgeni amesema maneno mengi, umrudishie kitu asiondoke mikono mitupu.

Ofisini wakubwa wangu, Wabelgiji wazuri wasiojua kuchoka, walinipa vipeperushi vya komini, yaani serikali ya mtaa. Kwa Kifaransa viliandikwa kwamba gesi hii ni muuaji asiyeonekana, na palichorwa kivuli cha kijivu kinachotoka kwenye chauffe-eau na mikono imenyooshwa. Sisi tukatafsiri neno kwa neno kwa ajili ya familia zetu. Sikuona tatizo hadi niliporudi Schaerbeek na kukuta kipeperushi kimebandikwa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo wengine wanaweka picha ya Bikira Maria.

"Bon, unaona," yule mama akaniambia, akigusa kile kivuli kwa kidole. "Ata komini banamujua."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Kwetu ukimwambia mtu kuna kitu kisichoonekana kinaingia nyumbani na kumkalia mtu kifuani, hujamfundisha lolote jipya, umemthibitishia tu. Kuna siku nzima ya mafunzo tulifundishwa kwamba ujumbe unajaribiwa kwanza kwa watu wachache kabla ya kuusambaza. Nilikibandua kile kipeperushi mwenyewe, nikamwomba radhi, nikakaa chini. Safari hii nilikuja kuuliza.

Alipika chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi. Binti yake alikuwa kazini. Mtoto alikuwa amelala, eti tangu asubuhi. Nilimwambia sijaja kumfundisha, nimekuja anieleze. Akanieleza bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayekueleza basi gani inakwenda wapi.

Zamani, walipofika tu, walikaa Auderghem, chumba kikubwa karibu na msitu, madirisha marefu, hewa tele. Miaka yote waliyokaa kule mume wake hakuja hata siku moja. Wala ndotoni. Alikuwa anaamka asubuhi anajaribu kuukumbuka uso wake na haupati. Kisha wakahamia hapa, majira ya baridi yakaingia, akafunga madirisha, akashindilia kile kitenge. Siku moja alikuwa bafuni anafua nguo za mtoto kwa maji moto, akasikia sandals kwenye kikorido. Zilikuja zikasimama mlangoni.

"Nikasema, ingia. Akaingia. Akakaa pale pembeni ya baignoire."

"Alisema nini?"

"Hasemake. Anakaa tu." Akanitazama. "Sasa anakuja kila siku nikifua. Na kama mutoto anataka kulia, anamubembeleza. Mutoto ananyamaza palepale."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimuuliza kama waliwahi kumfanyia mzee matanga, na akajibu kwa ukali kidogo, ukali ambao sikuwa nimeuona kwake. "Nilie nani? Sikumuona amekufa. Nitalia mutu muzima?" Halafu akarudi kwenye upole wake, akanimiminia chai, na akaniambia lile ambalo nilitakiwa kulijua tangu siku ya kwanza: binti yake alikuwa amekitoa kile kitenge jioni ya siku niliyokuja, na yeye akakirudisha asubuhi. "Nikifungula, ataenda. Unanielewa, maman? Ataenda."

Nilimwelewa vizuri mno, na ndipo nilipoogopa kwa kweli. Mpaka hapo nilikuwa nadhani napigana na baridi, kumbe napigana na mume wa mtu. Na pale kando, mjukuu wake anapumua kidogo kidogo na kusifiwa kwa utulivu. Nilimchukua yule mtoto mikononi, nikafungua dirisha la jikoni kwa kisingizio kwamba nasikia joto, nikasimama naye hapo hadi akafumbua macho. Hakulia hata hivyo. Alinitazama tu, macho mazito.

Jioni hiyo nilimpigia binti simu nikamwambia wazi kwamba mwanawe anaweza kufa. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliogopa mwenye nyumba asije akawafukuza, na mimi nikaogopa kwamba huyo mwenye nyumba hatafanya lolote kabisa. Lakini tulimbana, ofisi yangu na yeye, mpaka akakubali kumleta fundi wiki iliyofuata. Hadi hapo maji yangechemshwa kwa jiko la umeme, na ile chauffe-eau isiguswe. Binti akaapa. Mama naye akasema ndiyo. Nilimuuliza binti ni ndiyo ipi, akasema, "Nitaficha ule mukanda na kile kitenge." Nikaazima kipimo cha gesi ofisini, kidude cha kijivu cha kuingia mfukoni, nikapanga kupita siku ambayo binti angekuwa zamu kazini.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya Brussels tangu alfajiri, ule mzito usiosogea, na siku za namna hiyo moshi haupandi kwenye bomba, unarudi chini. Nilipandisha ngazi kwa haraka. Nilikuwa bado sijagonga mlango kipimo kikaanza kulia mfukoni.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya majani ya mkaratusi. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Nilimkwapua mtoto kitandani, na mwili wake ulilegea mikononi mwangu namna ambayo hadi leo mikono yangu inaikumbuka. Nikatoka naye. Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kituruki ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya kuongea naye, alikuwa ameshatoka kwa sababu ya ule mlio. Akaniona uso, akanyoosha mikono, akampokea, akamkimbiza kwake dirishani. Mume wake akapiga simu ya dharura. Mimi nikajaza pumzi kifuani nikarudi ndani, nikang'oa mkanda mpya wa dirisha la sebule hadi kucha ikavunjika.

Yule mama alikuwa bafuni. Amejifungia. Maji yalikuwa yanamwagika na chini ya mlango mvuke unatoka, wenye ile harufu ya mkaratusi. Niligonga kwa ngumi. Nikamwita. Nikamwambia gesi, nikamwambia mtoto, nikamwambia polisi wanakuja. Nikasema kila kitu kilichomo katika vitabu vyetu. Kutoka ndani akanijibu kwa sauti nzito ya usingizi, "Ngoja kwanza, maman. Iko mugonjwa."

Na hapo nikamsikia mwanamume anakohoa.

Nimeambiwa ni mabomba ya maji. Huenda. Nimeambiwa sumu ile huwafanya watu wasikie vitu, na hilo mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Lakini nilikuwa nimeingia dakika hiyo hiyo, na hewa ya mle nilikuwa sijaivuta zaidi ya mara mbili tatu. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu mzima, kirefu, cha mtu aliyekosa nguvu, na kilitokea upande wa pili wa mlango, chini, pembeni ya beseni, mahali pale pale alikoniambia huwa anakaa. Miguu ilitaka kuondoka na mimi. Niliichukia nyumba ile, nikamchukia yule mzee, nikajichukia na mimi kwa kumsikia.

"Maman," nikasema. "Nimemusikia."

Maji yaliendelea kumwagika. "Ulimusikia?"

"Anakohoa."

"Ni tangu juzi," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa karibu na mlango, ya mtu anayekaribia kulia kwa sababu hatimaye kuna mwenzake. "Anakohoa sana. Njo maana ninamufukizia. Sikusema kwa mutoto wangu, hataamini. Nilifunga vizuri, mvuke isitoke."

Alikuwa anamfukiza mumewe. Kila mama wa kwetu anajua: mtu akikohoa unachemsha majani, unamfunika na blanketi, unaziba kila mahali mvuke usipotee. Alipata majani Matonge, mtaa wa Wakongo pale Brussels, akafungulia maji ya moto hadi mwisho, akamziba mumewe kwa upendo wote aliokuwa nao.

"Maman, unisikilize. Mvuke haimusaidie. Ule hana mafua. Anakosa hewa."

Nikasogeza mdomo karibu zaidi na mlango.

"Ulifunga kila mahali na yeye eko ndani. Atavuta nini? Anakosa hewa, maman. Mufungulie dirisha."

Nilikuwa nimepiga magoti, mdomo wangu kwenye tundu la ufunguo. Kisha nikasikia mkanda unabanduka, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, na dirisha lile dogo linakokota kwenye fremu yake. Baridi ikapita chini ya mlango ikanigusa mikono. Na nikamsikia anaongea na mtu kwa sauti ya chini, sauti ambayo mke anaongea nayo usiku na ambayo haikuwa halali yangu kuisikia. "Vuta," alimwambia. "Vuta pole pole. Njo vile. Vuta tena."

Kikohozi kilikuwa kimeacha. Maji yakafungwa. Ufunguo ukazunguka, na mama akaniangukia kifuani na mwili wake wote.

Hospitali walitulaza wote kwenye oksijeni, mimi kwa muda mfupi, yeye zaidi, mtoto zaidi kuliko sisi. Binti alifika na sare yake ya kazi, bila koti, akasimama mlangoni mwa chumba cha mtoto akiwa ameshika midomo yake. Hakuna aliyemwambia lolote kwa uhakika. Ile barakoa ilikuwa inafunika karibu uso mzima wa mwanawe. Mama yeye alikuwa ameruhusiwa kukaa kwenye benchi la korido, nami nikakaa naye, na hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize. Nilitaka hata anitukane.

Kulipoanza kuwa giza nje, mtoto akalia. Si kilio cha adabu. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote, akijipinda, hadi wauguzi wakaangaliana wakacheka, na binti akaanza kucheka na kulia kwa pamoja na kusema asante kwa kila aliyepita, hata kwa mtu wa kupiga deki. Mimi nililia pia, sioni haya kusema.

Yule mama alikisikiliza kile kilio kwa makini, kichwa ameinamisha upande. Alingoja. Mtoto akaendelea kulia. Hakunyamazishwa na mtu.

"Bon," akasema. "Basi ameenda."

Akavua viatu, akaviweka vizuri chini ya benchi. Akafungua kitambaa cha kichwani. Akashuka akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, jinsi wanavyokaa wanawake wa kwetu, akaanza. Aliitoa sauti kutoka mbali, chini kwanza, ikapanda, akamwita mumewe kwa majina ya kwao ambayo sikuwahi kuyasikia, akamuuliza amemwacha na nani. Nilivua viatu vyangu, nikashuka nikakaa kando yake, nikamshika bega. Ndivyo inavyofanywa. Mfiwa halii peke yake.

Muuguzi kijana alikuja mbio. Alitukuta pale chini, akainama, akaniuliza kwa Kifaransa, uso umempauka, kama tumempoteza mtoto. Nikamwambia hapana, mtoto mzima, anamsikia mwenyewe anavyopiga kelele. Huyu mama amefiwa na mumewe.

Akaweka mkono kifuani. Akasema pole sana, akauliza amefariki lini.

"Leo," nikamjibu.